Ufunguo Ulioshonwa kwa Uzi

Mwaka 1993, hapa Kolwezi, njaa ilikuwa ya kila mtu na habari zilikuwa za kila mtu. Kampuni ya shaba ilikuwa imeanguka. Mishahara haikuja. Asubuhi wanawake wa mtaa wa Manika walitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, wakaipika bila mafuta, kisha wakaenda kwenye chumba cha phonie.

Phonie ni redio ya kuongea na watu wa mbali. Unabonyeza, unaongea, unasema "à toi", yaani zamu yako, halafu mwenzako anajibu. Simu za mfukoni hatukuwa nazo. Chumbani mlikuwa na mabenchi mawili, na waliokaa hapo walisikia kila neno. Waliokuwa na redio kama hiyo katika miji mingine nao walisikia. Na sisi watu wa Kolwezi tuna adabu zetu. Ukiongea na ndugu yako bila kusalimia ukoo mzima na kueleza safari yako yote, wanasema una kiburi.

Adabu hiyo ilimponza Mukendi. Babu yake aliletwa kutoka jimbo la Kasai kuchimba shaba. Mwaka ule watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, jimbo letu, hata waliozaliwa hapa. Mukendi alitangaza kwenye phonie siku ya kuondoka na barabara ya lori lake. Vijana wa genge walimngoja barabarani. Walichukua cherehani, magodoro, hata viatu vya watoto.

Jirani zake, Mpoyi na mkewe Tshibola, nao walikuwa Wakasai. Mpoyi alikuwa fundi umeme wa kampuni kwa miaka ishirini na miwili. Sasa walilala katika uwanja wa parokia, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Padri aliwaambia itaondoka baada ya siku kumi na mbili. Lakini binti yao Elise alikuwa Kasaji, magharibi, anafanya kazi ya uuguzi na ananyonyesha mtoto mchanga. Akichelewa, atabaki peke yake. Akija na siku yake ikajulikana, atakutana na genge lile.

"Mi sipande treni kama Elise haiko," Tshibola alisema. Alilisema neno hilo mara moja tu, na Mpoyi alijua hatalibadili.

Mpoyi akaenda phonie. Zamu yake ilipokaribia, mwanamke mmoja alimshika mkono akamtoa nje. Alikuwa Mama Valérie, fundi wa simu wa kampuni, mzaliwa wa kaskazini mwa Katanga. Watu walimwonya asiongee na Wakasai. Aliwajibu hivi: "Miaka kumi na mbili natengeneza simu. Siulizake simu kabila yake."

"Tata Mpoyi, unataka kusema nini mule ndani?"

"Siku ya Elise kukuya. Nitasema na Tshiluba, luga yetu."

"Bwizi habasikie Tshiluba? Utabaambia siku, tena utabaambia na kabila."

Mpoyi aliacha zamu yake ipite.

Walikwenda parokiani, wakaketi na Tshibola kwenye mkeka.

"Message inapita mu hewa, hatuwezi kuificha," Valérie alisema. "Lakini inaweza kupita yenye kufungwa. Wewe na Elise mukuwe na ufunguo. Ni karatasi tu. Unaandika: sombe ni Jumanne, samaki ya ndakala ni Alhamisi, chumvi ni kushuka ku gare kubwa ya treni. Ku phonie unaongea juu ya chakula. Mwenye hana karatasi haelewe."

Tshibola alifikiri. "Na karatasi itafika namna gani? Kama mutu anaisoma mu njia?"

Valérie alifurahi sana. "Mama Elise, ile ulizo njo inasumbua bataalamu ba dunia."

Akatoa gazeti la sayansi aliloachiwa na injinia mmoja.

"Kuko batu banatuma ufunguo na mwangaza. Mwangaza ni punje-punje, kama unga. Elimu ya bile bintu bidogo banaiita quantique. Ile punje, kama mutu anaipima mu njia, inageuka. Hawezi kuichungulia na kuiacha vile ilikuwa."

"Hata akichungulia polepole?" Mpoyi aliuliza.

"Tata, Mama Elise anafagiaka uwanja mangaribi. Mutu akipita usiku, asubui unaona nini?"

"Alama ya muguu."

"Njo vile. Mwangaza haizuie mwizi. Inasema tu: mwizi alipita. Halafu unatupa ile ufunguo, unatuma ingine."

"Na ile mwangaza inaenda mbali?"

"Banaandika hapa, ilienda karibu urefu wa rula ya masomo."

Mpoyi alianza kuhesabu rula za kutoka Kolwezi hadi Kasaji. Alifika mia tatu, akacheka. Mkewe hakuwa amemsikia akicheka tangu wafukuzwe nyumbani.

"Mwangaza hatuna," Valérie alisema. "Uzi tuko nao. Mama Elise, shona karatasi ndani ya kitambaa. Mishono mingine mirefu, mingine mifupi, vile mukono inataka. Hesabu yake ubakie nayo. Ikifika, Elise ataisema ku phonie mbele ya batu bote. Hata bakisikia, kitambaa kinaisha kufika. Mutu wa vidole bizuri anaweza kuiga mushono wako, siwezi kukudanganya. Punje ya mwangaza njo haiigwe. Lakini tutafanya na kile tuko nacho. Na kitu kimoja usisahau: mbele ya kujua hesabu inafanana, siku ya safari haitoke mu kinywa."

Kalumba, mfanyakazi wa reli na mtu wa Katanga, alikubali kubeba kitambaa. Walimfundisha maneno ya kumwambia Elise: ahesabu mishono kabla ya kufungua, na akisikia "nguo ingine inakuya", achome karatasi.

Baada ya siku tatu Elise aliita kwenye phonie kutoka Kasaji.

"Ni yeye kweli?" Valérie alinong'ona.

"Ile sauti niliizaa mi mwenyewe," Tshibola alijibu.

"Mama, kitambaa kinafika," Elise alisema. "Mirefu saba, mifupi mitano. À toi."

Tshibola alitazama karatasi yake. Mirefu saba, mifupi minane. Akajibu kwa sauti ileile: "Muzuri, mwana. Nguo ingine inakuya. À toi."

Nje, Mpoyi alijishika kichwa. "Banatushinda."

"Banasoma nini?" Valérie aliuliza. "Ulishasema siku?"

"Hapana."

"Basi baliiba ufunguo ya nyumba yenye hatujajenga. Tungejua hivi kama hatungehesabu?"

Kalumba alipoulizwa, alikiri kwamba alimwachia mgeni mfuko wake ili akale. Aliona haya. Kitambaa cha pili alikifunga tumboni, chini ya shati, akalala nacho. Ndani yake maneno yalikuwa yaleyale, lakini maana zilikuwa mpya. Ndakala sasa ilikuwa Jumatano. Chumvi ilikuwa kushuka kwenye kituo kidogo, kabla ya gare kubwa.

Safari hii Elise alisema: "Mirefu sita, mifupi kumi na moja, mirefu miwili. À toi."

Ilikuwa sawasawa. Tshibola akasalimia ukoo mzima, taratibu, kama adabu inavyotaka. Kisha akasema: "Shangazi yako atapika ndakala, anatia chumvi mbele. À toi." Mzee mmoja kwenye benchi alilalamika kwamba bei ya ndakala imepanda.

Jumatano jioni Elise aliingia parokiani, mtoto mgongoni. Valérie alitembea naye tangu kituo kidogo, sanduku la Elise kichwani pake, akisalimia kila mtu njiani.  Tshibola alimchukua mjukuu, akalia.

Siku iliyofuata, Alhamisi, genge lilijaa kwenye gare kubwa. Liliwatazama abiria mmoja mmoja mpaka giza. Lilikuwa limesikia ndakala na chumvi kwenye phonie, likazifuata kwa maana za karatasi ya kwanza.

Mimi ninayeandika haya ni mwalimu wa kusoma na kuandika, na wanafunzi wangu huniuliza kama ule mwanga ulipita rula. Ulipita. Leo kampuni za simu katika nchi kadhaa zinajaribu kutuma ufunguo kwa punje za mwanga, ndani ya nyuzi za kioo, makumi ya kilomita na hata mamia. Mwizi akichungulia, mitambo inaona, na ufunguo unatupwa kabla haujatumika. Bado ni ghali, na si dawa ya kila kitu. Mtu akitaja namba yake ya siri kwa mdomo wake mwenyewe, hakuna mwanga wa kumwokoa.

Treni iliondoka Jumamosi. Wiki tatu zikapita bila neno. Valérie alikwenda phonie kila asubuhi, akakaa kwenye benchi na wengine. Siku moja sauti ilitoka Mwene-Ditu, huko Kasai. Ilikuwa ya Tshibola, naye alikuwa akiipaza.

"Mama Valérie, tunafika. Mpoyi iko, Elise iko, mutoto iko. À toi."

"Mama Elise, sema polepole. Chumba inajaa, batu bote banakusikia. À toi."

"Njo vile nataka. Basikie bote: tuko bazima. À toi."