Muhuri Usiorudishwa

Asubuhi hiyo muhuri ulikuwa na joto. Binti aliutoa kwenye droo aliyoifunga mwenyewe jana yake, akahisi mpini wake wa mbao una uvuguvugu, kama kiti alichokuwa amekalia mtu sasa hivi. Akajiambia ni jua la dirishani. Jua lenyewe lilikuwa halijachomoza, lakini mtu akitaka kujidanganya hakosi pa kushika.

Muhuri ulikuwa wa baba yake, mhandisi wa majengo, na baba alikuwa ameshazikwa. Sheria ya kazi yao ilijulikana na kila mtu pale ofisini: leseni ya mhandisi hufa naye, na muhuri wake hurudishwa Bodi ya Wahandisi ukavunjwe. Maana muhuri si pambo. Anayeugonga kwenye ramani anasema, jengo hili nimelikagua, likianguka niulizeni mimi. Binti alisomea kazi hiyo hiyo na hesabu zake zilikuwa safi, ila leseni yake ilingoja usaili wa Bodi, na usaili ukawa unaahirishwa kila uchao. Wateja hawangoji. Basi akawa anachora yeye, anagonga baba, na tarehe anazirudisha nyuma, kabla ya msiba. Alianza na ghala, akaja na zahanati, ukumbi na soko, kisha ghorofa ya juu ya nyumba yao wenyewe, aliyoipandisha ili mama yake apate pa kukaa, asiende kuhesabiwa matonge kwa mawifi. Mama ndiye pekee aliyembakia. Kwa ajili yake binti asingeona haya kugonga hata muhuri wa mfalme.

Haukupita muda, ofisi ikaanza kunuka saruji mbichi, na chini ya saruji, kafuri, ile ya kuoshea maiti.

"Dada, nani anakoroga zege humu?" aliuliza mchoraji wao, waliyemwita Penseli kwa wembamba wake.

"Fungua dirisha, fanya kazi."

Alifungua. Harufu haikutoka. Mchana huohuo, wote wawili wakiwa wameinamia meza, droo iliyofungwa ikalia. Ko. Wakatazamana. Ko, tena, taratibu, ugongaji wa mtu asiye na haraka. Binti alipoivuta droo, muhuri ulikuwa umelala kimya, ila ramani ambazo Penseli hajazimaliza, mezani kwake, zote zilikuwa zimegongwa, wino haujakauka.

"Ni wewe, dada?" Penseli alinong'ona.

"Si mimi."

"Basi mimi naumwa. Nimeanza kuumwa sasa hivi." Akachukua mkoba wake, hakurudi tena.

Jioni binti alifika nyumbani akamsikia mama yake anazungumza ghorofani. Alipanda ngazi, na kadiri alivyopanda ile harufu ilizidi kumshuka kifuani, saruji na kafuri, kafuri na saruji, na miguu ikawa mizito kana kwamba ngazi zenyewe hazijakauka, akausukuma mlango, akamkuta mama ameketi peke yake kitandani, macho wazi, midomo inacheza, na sauti inayotoka humo si ya mama bali ni ya baba, nzito, imechoka.

"Mwanangu, huku naulizwa. Naulizwa nyumba nisizozijua. Nijibu nini?"

Kisha mama akalala kama gogo. Katika kiganja chake palikuwa na duara la wino, jina la baba na namba ya leseni, mbichi.

Binti aliogopa woga ambao hakuwahi kuujua. Kesho yake alikwenda kwa mganga, bibi mmoja aliyeishi nyuma ya karakana ya matairi, akamweleza yote bila kuficha.

"Huyo si baba yako," bibi alisema. "Maiti ana shughuli zake. Hilo ni jini. Limekuta jina linafanya kazi na mwenyewe hayupo, likaingia. Wewe ungekuta nyumba wazi, taa inawaka, kitanda kimetandikwa, ungelala nje?"

"Nifanyeje, bibi? Linamchukua mama yangu."

"Muhuri uvunjwe na walioutoa. Na kila jengo ulilolipigia, ulitaje kwa kinywa chako mbele yao. Usibakishe, mjukuu wangu. Jini halihitaji mji. Chumba kimoja kinalitosha."

Bodi walimsikiliza bila kumkatiza. Msajili aliuweka muhuri juu ya meza, nyundo kando yake, akamwambia aanze. Binti akalitaja ghala. Akaitaja zahanati, na ukumbi, na soko. Kila alipotaja, msajili alisema jambo moja: litafungwa, litakaguliwa, huenda likabomolewa. Leseni yake mwenyewe aisahau. Binti alilia, akaendelea.

"Kuna jingine?"

Akilini alimwona mama yake barabarani na godoro lake, mawifi wakimcheka. Ile ghorofa aliipigia hesabu mara ngapi! Nguzo zake zingebeba hata tembo. Jengo imara, la familia yake mwenyewe, lingemdhuru nani?

"Hakuna," akasema.

Nyundo ikashuka. Mpini ukapasuka, chumba kikajaa kafuri, watu wakakohoa, kisha hewa ikawa nyepesi. Binti alirudi nyumbani karibu anakimbia. Mama alikuwa jikoni, mchangamfu, anaimba chinichini. Binti alikishika kiganja chake, akakigeuza. Kilikuwa cheupe, hakina hata doa. Akamkumbatia mama yake, akalia kwa furaha.

"Niachie, mwanangu, chai itapoa," mama alisema, akabeba vikombe viwili.

"Mama, unampelekea nani?"

"Baba yako. Kahamia juu, tena moja kwa moja." Mama alikuwa ameshaanza ngazi. "Anasema nikushukuru. Huko kwingine kote amefukuzwa, wewe tu ndiye umemsitiri."

Binti alimkimbilia. Mama aliingia chumbani mikono yote miwili ikiwa na vikombe, na mlango ukafungwa nyuma yake, kwa komeo la ndani.