Nyumba Isiyokwangua Sufuria

Nilifika kwa Bibi jua likizama, na kilo ya sukari mkononi, maana mkono mtupu haulambwi na mimi nilikuwa nimekwenda kuomba jambo kubwa. Nilikwenda kuomba kaburi.

Kazi yangu ni kuchonga mawe ya makaburi. Karakana yangu iko nyuma ya duka la saruji, na mchana kutwa nimejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Watoto wa jirani wananiita Marehemu. Nimewachongea majina waume za watu, wake za watu, hata mbwa wa tajiri mmoja. Lakini babu yangu mzaa mama, aliyeingia msituni kupigania uhuru na hakurudi, hana hata kokoto. Mganga hajigangi.

Mama hakuwahi kumwona baba yake. Babu aliuawa Mama akiwa bado tumboni. Sasa Mama alikuwa mgonjwa wa moyo, daktari ameshaacha kutupa matumaini, na ombi lake lilikuwa moja tu: ajue baba yake amelala wapi, akasimame pale japo mara moja kabla hajafa. Jiwe nilishalichonga. Jina lipo, na chini yake nimeacha nafasi ya kuandika mahali. Liliegemea ukuta wa karakana, na kila asubuhi nililipita bila kulitazama.

Aliyebaki hai wa kuulizwa alikuwa Bibi peke yake, dada mdogo wa babu. Aliishi bado katika nyumba yao ya zamani, nyumba ya mwisho barabarani, ambayo mlango wa jiko lake unatazama kichaka.

"Mume wangu," alinitania mlangoni, "leo umenikumbuka? Huko kwa wafu wako umekosa wachumba?"

Tulikula wali, tukacheka, nikamsubiri anywe dawa zake za presha. Kisha nikauliza. Babu alizikwa wapi?

Kicheko kikamtoka usoni.

"La kuvunda halina ubani, mjukuu wangu."

"Na mficha uchi hazai, Bibi."

"Mimi sikuzaa," alisema akiinuka. "Basi hiyo hainihusu. Nakwenda kujinyoosha. Vyombo viache. Sufuria itie maji, usiiguse."

Hilo halikunishangaza. Tangu utoto wangu, katika nyumba ile sufuria huloweshwa mpaka asubuhi, ukoko ukalainika na kutoka wenyewe. Tulidhani ni unadhifu wa kizee tu. Mimi nilitaka kuuteka moyo wake. Nikakunja mikono ya shati, nikaosha sahani, nikaosha bakuli. Nikafika kwenye sufuria. Ukoko ulikuwa umeshika vizuri, wa rangi ya kahawia, na mimi ukoko ndio chakula changu. Nikachukua kijiko kikubwa cha chuma.

Kwaru...

Kwaru...

Kwaru.

Chumbani kitu kilianguka. Bibi alitokea mlangoni bila kitambaa kichwani, miguu mitupu. Sikuwahi kumwona amekimbia.

"Umefanya nini?"

"Nimekwangua ukoko tu, Bibi."

Alininyang'anya kijiko. Akakificha mgongoni.

"Kaa chini," alinong'ona. "Usigeuke nyuma."

"Kuna nini?"

"Wao hutangulia kufika."

Taa ilikuwa inawaka. Ningependa kusema ilizimika, angalau nipate cha kusingizia. Ilikuwa inawaka vizuri, na jikoni tulikuwa wawili. Ndipo harufu ikaja. Ngozi iliyolowa. Buti zilizotembea kwenye umande. Tumbaku... na mafuta ya bunduki. Ilitoka nyuma ya shingo yangu. Kisha nikasikia soli ikikwaruza sakafu, kama mtu aliyechoka kusimama anapobadilisha mguu.

Bibi aliongea haraka, midomo haichezi.

"Tulikuwa tunawalisha watu wa msituni. Mimi ndiye niliyepika, nilikuwa mtoto. Jioni kama hakuna askari, nakwangua sufuria. Kaka yangu anasikia kule kichakani, anajua ni salama, anakuja kula. Kama wapo, nanyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yetu."

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi puani.

"Siku moja askari walikuja mapema. Wakaingia humu, wakajipanga ukutani. Mkubwa wao akanitia kijiko mkononi. Akasema, kwangua."

"Nani aliwaambia?"

"Mpaka leo sijui."

Nje, kichakani, mtu alikohoa. Mara mbili, taratibu, kikohozi cha mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nyasi zikalia chini ya nyayo. Bibi akafumba macho.

Niliruka nipige kelele. *Usiingie!* Ndilo neno nililolitaka, hilo tu.

Mkono ukanifunga mdomo.

Ulikuwa mpana, wa baridi, na uliacha ladha ya mafuta kwenye meno yangu. Mimi nainua mawe kwa kazi. Nabeba gunia la saruji begani bila kuomba msaada. Nilivuta kile kiganja kwa mikono yangu yote miwili na sikuweza kubandua hata kidole kimoja. Nililia. Sioni haya kusema. Nililia puani kama mtoto.

Mlango wa jiko ukafunguka.

Alikuwa kijana. Jambo hilo sikuwa nimelitarajia. Babu yangu alikuwa mdogo kuliko mimi. Tope mpaka magotini, shati limechanika begani, na masikio... yale masikio ya Mama, yaliyosimama pembeni ya kichwa, ambayo shuleni yalimfanya aitwe Vipini. Alitazama sufuria mezani, akatabasamu.

"Mmenibakizia?"

Sikusikia mlio. Niliona shati lake tu, kifuani, jinsi lilivyobadilika rangi. Lakini kabla hajaanguka aliinua macho kumtafuta aliyekwangua. Hakumtazama Bibi. Alinitazama mimi. Na usoni mwake hapakuwa na hasira, ningeshukuru angekasirika. Palikuwa na mshangao wa mtu aliyeumizwa na wa nyumbani.

Kisha mdomo wangu ukawa huru, na jikoni tulikuwa wawili tena. Kizingitini palikuwa na tope bichi.

Bibi alichukua tambara akaanza kulifuta. Alilifuta kama mtu anayeijua kazi ile.

"Maiti waliibeba," alisema bila kuinua kichwa. "Wapi, hawakutuambia. Ningejua ningewaambia zamani, wala usinidhanie vibaya. Mimi ninachojua ni hiki. Kila anayekwangua, humuua tena." Akakamua tambara. "Mama yako asijue. Sijui kama inafuata nyumba au inafuata damu. Na sitaki kujua."

Njiani nilitunga uongo mzuri. Babu kazikwa mlimani, pamoja na wenzake, mahali pa heshima. Ningeuchonga hata kwenye jiwe, Mungu angenisamehe. Lakini Mama alikuwa amekaa kitandani akinisubiri, na nilipoingia hakuuliza kuhusu kaburi.

"Nani amekushika mdomo hivyo?"

Nilijitazama kiooni. Vidole vitano, vyeusi, kuanzia shavu hadi shavu. Uongo wangu ukayeyuka. Nikamwambia yote, nikimsihi kila baada ya sentensi asiwaze la kufanya.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Anafananaje?"

"Ana masikio yako, Mama."

Akayashika masikio yake, yote mawili, akacheka kicheko cha kisichana ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue.

"Alitabasamu?"

"Alitabasamu."

"Kabla?"

"Ndiyo, Mama. Kabla."

Alilala vizuri usiku ule. Mimi sikulala. Nilijua atakachofanya, na kujua hakukunisaidia kitu.

Kesho yake jioni nikirudi kutoka karakana, nilifika getini nikasikia.

Kwaru...

Nilikimbia. Nikavuka ua, nikaingia barazani, nikauona mlango wa jiko uko wazi. Mama amekaa kwenye kigoda, amevaa gauni lake la kutokea, amechana nywele, sufuria iko mapajani. Nikafungua mdomo nimwite.

Mkono ulishafika.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba haifuati nyumba. Nilisimamishwa pale mlangoni, nimebanwa na kifua ambacho sikukiona, na nikalazimishwa kutazama. Kikohozi, mara mbili. Mlango wa nyuma. Kijana mwenye tope magotini akaingia jikoni kwetu, jiko la vigae tulilolijenga juzijuzi, akatabasamu kama vile amelizoea.

"Mmenibakizia?"

"Nimekubakizia, Baba," Mama akasema.

Mwanamke mwenye mvi akasimama mbele ya kijana yule, akamshika uso kwa viganja viwili. Akamtazama masikio. Sijui kama kijana alimtambua binti yake. Nadhani alimtambua, maana tabasamu lake lilianza kupanuka.

Halafu shati lake.

Mama alilia mpaka asubuhi, nami nikajipa moyo kwamba yamekwisha. Ameona, ameumia, basi. Asubuhi akaniita.

"Lile jiwe livunje," aliniambia. "Mtu hachongewi jiwe wakati bado anakuja kula."

"Mama, kila ukimwita unamuua."

"Najua."

Alikunja upindo wa shuka, akaukunjua.

"Lakini kabla ya hapo ananitazama," alisema. "Wewe baba yako alikutazama mpaka ukamchoka. Mimi niache."

Tangu siku ile anakwangua kila jioni. Daktari anasema moyo wake umepata nguvu, hajui kwa nini, ananiuliza tunampa nini nyumbani. Bibi alikuja mara moja. Alifika getini, akavuta hewa puani, akageuka akarudi alikotoka bila hodi. Nimejaribu kutoka nyumbani jioni nisiyaone. Miguu inafika getini tu, na pale getini mkono unanikuta. Nimejaribu kubaki karibu na Mama, nimshike. Mikono yangu hushikwa kabla sijaishika yake.

Nimeanza kuandika haya mchana, mdomo ukiwa bado wangu. Alama za vidole hazififii tena. Jiwe sijalivunja, nimeligeuza tu lielekee ukutani. Sufuria zote nimezipeleka karakana. Miiko, vijiko, sahani za bati, vyote nimefungia. Leo tumekula kwa mikono, kwenye sahani za plastiki, na Mama hakulalamika hata kidogo. Alikula kidogo, akaacha nusu pembeni, akaifunika.

Jua limeshuka. Yuko jikoni, namsikia akivuta kigoda. Sasa anafungua mtoto wa meza. Kuna kikombe kimoja cha chuma nilikisahau humo, nimekikumbuka sasa hivi: kikikwaruzwa kwenye vigae kitalia kama sufuria.

Na hapa nilipokaa, nyuma yangu, panaanza kunuka ngozi iliyolowa.