Kiti cha Msumari

Seremala alizoea kuzungumza na wateja huku misumari kaibana mdomoni. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Msumari. Mkewe alishona nguo chumba cha mbele. Mtoto wao wa kwanza alikuwa kinyozi. Wa mwisho, binti, alisoma chuo kikuu. Ada ilipomkwamisha katikati ya masomo, mfuko wa wachangiaji wa chuo ulimwokoa. Tangu hapo Msumari aliuchangia mfuko huo kila mwaka. Chuo nacho kilimwalika kwenye hafla ya wachangiaji ya kila mwaka, kikampa kiti cha mbele, kikamvisha beji na kumtaja mbele ya watu.

Kisha Msumari akafariki.

Hafla nyingine ilipokaribia, mjane alijishonea gauni jipya. Akaibandika beji ya marehemu kifuani.

"Tunakwenda kukaa kwenye kiti cha baba yako," alimwambia kinyozi. "Nyumba tumerithi, randa tumerithi, na kiti tumerithi."

Hakuna aliyewaza kuuliza kwanza. Kuuliza si ujinga, lakini wengi wetu hulikumbuka hilo tukishaaibika.

Mlinzi aliwazuia mlangoni. Watu wakageuka kutazama. Afisa wa wachangiaji, dada mwenye miwani, akaja haraka na kuwaketisha pembeni.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Kiti cha mume wangu kiko wapi?"

"Mama, kiti hiki hakirithiwi. Beji ni asante kwa mtu aliyechangia mwaka huu."

Kinyozi akasimama. "Haya mambo ni ya wenye pesa! Mama, twende zetu."

"Nenda wewe. Mimi siondoki mpaka nielewe."

Aliogopa kwamba jina la mumewe halitasikika tena ukumbini humo.

"Kwani alichotoa hakikutosha?" aliuliza.

"Alitusaidia sana. Lakini mwanafunzi hamalizi masomo kwa mwaka mmoja. Watu wakitoa mara moja wakapotea, tutamwahidije mtoto kwamba atafika mwisho? Ndiyo maana tunawashukuru wanaorudi kila mwaka."

"Hata mwenye kidogo?"

"Hata yeye. Haba na haba hujaza kibaba."

"Na asiyependa kutajwa?"

"Atuambie tu, jina lake tutalihifadhi. Wengine hukubali kutajwa ili jirani naye apate moyo. Ila lipa ofisini kwetu au benki, kwenye akaunti ya chuo, na udai risiti. Mtu akija nyumbani na mkoba akidai tumemtuma, mwambie ashike njia."

Mama alicheka kidogo, kisha akaigusa beji kifuani. "Na marehemu ndiyo basi? Kasahaulika?"

"Hata kidogo! Ukichangia wewe, unaweza kufanya hivyo kwa kumbukumbu yake. Tutawataja wote wawili."

Mama aliifungua ile beji, akaifunga ndani ya leso.

"Mwakani nitaingia kwa mlango huu huu," alisema.

Nyumbani aliutwaa mkebe wa misumari wa marehemu. Kila mteja alipolipia nguo, sehemu kidogo ya pesa iliingia mkebeni. Bei ya nyuzi ilipanda. Wateja wengine walimzungusha. Mkebe hakuugusa.

"Mama anajenga chuo!" kinyozi alimtania.

"Najenga. Wewe nyoa."

Kinyozi aliapa kwamba hatatia mguu ukumbini kule tena. Mama hakubishana naye. Mkebe ulipopata uzito, aliupeleka ofisini mwenyewe, akarudi na risiti.

Siku ya hafla, kinyozi alimsindikiza mpaka getini, akabaki nje. Mama aliingia kwa mlango ule ule. Mlinzi alimpisha kwa heshima. Punde afisa akatangaza: "Mama mshonaji, kwa kumbukumbu ya mumewe, seremala Msumari!"

Makofi yalipigwa. Mama alilia mbele za watu, wala hakuona haya. Hajakaa vizuri, afisa akaita tena: "Na mchangiaji wetu mpya, kinyozi, mtoto wa Msumari!"

Mama alitoka mbio mpaka getini.

"Wewe! Umechangia lini?"

Kinyozi alitazama viatu vyake. "Siku ile ulipotoka ofisini, mimi niliingia. Sikutaka jina la baba ulibebe peke yako."

Mama alimshika mkono, akamvuta.

"Twende, unaitwa."

"Kiti kipo?"

"Kipo. Na hiki hukurithi, mwanangu. Ni chako."