Namba za Mwalimu Phinées

Wazazi wenzangu wa Butembo, na ninyi wa Beni na Oicha, haya yaliwapata watu tunaosali nao. Tusiyasikilize kama ya mbali.

Jumapili moja, baada ya ibada, mwalimu Phinées alikaa barazani akimfundisha Christa, binti yake wa miaka saba, kugawanya kwa maharagwe. Bénite, mke wake, aliwasikia wakicheka akiwa jikoni. Kisha matokeo ya loto, ile bahati nasibu ya Jumamosi, yakaingia kwenye telefone ya mwalimu. Namba mbili alizozikisia kwa hesabu zilikuwa zimetoka. Kicheko kikakatika pale pale.

Tangu siku hiyo Phinées alijaza kaye baada ya kaye, daftari nzima nzima, akitafuta kanuni inayozipanga namba za loto. Na alikuwa amefundisha hesabu sekondari miaka kumi na minne. Namba zilizokwisha kutoka hazikumtosha. Akaanza kwenda kwenye vilio vya watu asiowajua, anauliza umri wa marehemu, anaandika, anaondoka bila kutoa pole. Jirani yao Lusenge alipougua, Phinées alisimama mlangoni kwake kila asubuhi akihesabu anakohoa mara ngapi. Lusenge alikufa siku ya Ijumaa, na miaka yake hamsini na saba. Kesho yake namba ya kwanza kutoka ilikuwa 57.

Ilitokea tu, ndugu zangu. Lakini Phinées alimnong'oneza mke wake kwamba sasa namba zimeanza kumsikiliza. Bénite alitaka kumwambia mchungaji, akaona aibu. Sisi majirani nasi tukawa tunamkwepa njiani, tukiogopa asije akatuhesabu.

Ndipo Bénite akaenda Alimbongo kununua viazi vya biashara. Alirudi siku ya tano, saa nane mchana, akakuta mapazia yamefungwa. Christa alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imepasuka, kipima joto kikiwa kwapani. Phinées alikaa kando yake, amenyoa ndevu, ametulia, kaye iko magotini.

Bénite akauliza, "Baba Christa, mutoto iko na homa tangu siku gani?"

"Tangu siku ine. Ongea pole pole." Akamwonyesha ukurasa: 37, 38, 39, 40. "Inafuatana muzuri. Usimupe dawa kwanza. Loto inataka tano, inabakia namba moja."

Bénite alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akasimamisha pikipiki, akamkimbiza hospitali. Phinées alifuata kwa miguu, na kaye yake.

Alipofika, muuguzi Kahongya alikuwa anasoma kipimo kwa sauti: "Quarante et un," yaani arobaini na moja.

Kabla Phinées hajafikiri neno lolote, mkono wake ulikuwa umekwisha kutoa biki, kalamu yake, na kuiandika namba hiyo. Akautazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaketi chini sakafuni.

"Mama Christa," akasema, "nilikuwa nangojea ifike."

Jumamosi hiyo haikutoka hata moja kati ya zile tano. Christa alipona, lakini homa ilimfunga masikio. Phinées alisimama mbele ya kanisa akaungama yote, na hachezi loto tena. Jioni humwita binti yake kwa jina akiwa nyuma yake. Christa hageuki.

FUNDISHO

Namba inayotoka leo haijui iliyotoka jana, wala haijui nani amezaliwa au nani amekufa kwetu. Phinées alilifundisha jambo hilo darasani, lakini tamaa ilimfanya asiamini alichokijua. Ukiona unamtazama mtoto wako na kuwaza kitu utakachopata kwake, simama hapo hapo, uombe msaada. Nasi tuliomwona mwalimu akisimama mlangoni kwa mgonjwa, tukapita kimya, masikio ya Christa yanatudai sisi pia. Siku nyingine tusipite. Tuingie, tuulize.