Uji wa Kitandani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule pale Nangwa, Judica alimpelekea baba yake uji kitandani. Alimwekea mto mgongoni, akamletea maji ya kunawa, kisha akakimbia zizini kuwatoa ng'ombe ili jirani yao, Bura, awachunge. Baba yake, Mzee Tluway, alipojaribu kuinuka, binti alimrudisha.

"Pumzika, baba. Mimi nipo."

Jamani, Tluway huyu! Zamani nani angethubutu kumwambia apumzike? Kila Jumamosi aliwapeleka ng'ombe malishoni chini ya Mlima Hanang, Judica akimfuata mbio mbio. Baba alimchumia matunda ya porini, akamtania kwa miguu yake mifupi, akacheka mpaka ng'ombe wakageuka kumtazama. Zilikuwa siku tamu, hizo! Sasa mgongo wake ulikuwa umepinda na shingo haigeuki. Judica alitaka kitu kimoja tu: baba yake yule wa zamani arudi.

Lakini baba alizidi kukakamaa. Siku moja alishindwa hata kukaa. Mama akatafuta gari, wakampeleka hospitali, na Judica akafuatana nao.

Daktari Sauda alimpima na kutazama picha ya mgongo. "Ni baridi yabisi ya uti wa mgongo. Haiponi kabisa, ila inatulizwa. Nitakupa dawa. Sasa niambie mzee, kutwa unafanya nini?"

"Hafanyi chochote, daktari!" Judica alidakia kwa fahari. "Hata uji namletea kitandani."

Daktari hakumsifu. "Ugonjwa huu hautaki kulala, binti. Mtu akilala mno, mgongo unakakamaa zaidi. Anyooshe viungo na atembee kila siku, kadiri anavyoweza."

Machozi yakamtoka Judica. "Kumbe ni mimi ninayemuumiza baba?"

"Ugonjwa hukuuleta wewe," daktari alimjibu kwa upole. "Ulikuwa hujui. Sasa umejua."

Kesho yake Tluway alikaa ukingoni mwa kitanda akivaa mabuti yake. Loo, ilikuwa kazi! Alihema, akakunja uso, jasho likamtoka. Judica alinyoosha mkono amsaidie, akaurudisha. Kusubiri kulimtesa kuliko kubeba maji. Hatimaye buti likaingia, na baba akatoka nje kwa miguu yake, polepole.

Baada ya majuma kadhaa ya dawa na mazoezi, alikuwa akifika mpaka mtoni na kurudi. Mgongo haukunyooka, na baba yule wa zamani hakurudi. Judica bado alimkumbuka. Hata hivyo, jioni moja baba huyu wa sasa alimwita, wakakaa uani.

"Mwanangu, ulinitunza kwa upendo, nami niliona haya kukwambia. Pale kitandani nilijiona kama nimeshakufa. Mgonjwa asaidiwe, lakini asinyang'anywe maisha yake. Siku nyingine ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza anataka nini."

Judica akafuta machozi. "Haya, baba. Unataka nini?"

"Nataka ng'ombe wangu."

Jioni ile ile Judica alikwenda kwa Bura. "Shikamoo, mzee Bura. Asante sana kwa kutusaidia. Kesho usije, baba atachunga mwenyewe."