Habari Iliyomtangulia Fanny Sokoni

Fanny ni mshonaji wa nguo. Anakaa Kavimvira, karibu na bariyeri, pale watu wanapovuka kwenda Burundi na kurudi. Kila asubuhi anatoa mashine yake nje, anaiweka chini ya paa la mabati, anaanza kushona. Na simu? Simu iko palepale juu ya meza, karibu na mkasi. Mkasi Fanny anaweza kuusahau. Simu hasahau.

Ndani ya simu hiyo Fanny ana ukurasa wa habari. Unaitwa Kavimvira Inasema. Hakuna mkubwa aliyempa. Aliufungua mwenyewe, akaanza kuandika mambo ya mtaa: leo bariyeri imefungwa mapema, leo maji hayatoki, leo unga umepanda bei. Watu wakapenda. Mama mmoja anayevuka na nyanya alimwambia, "Mama Chérie, minye mbele ya kutoka nyumbani, nasoma weye kwanza." Kwa Kiswahili cha mtaa huo, minye ni mimi, njo ni ndio, na mbele ya ni kabla ya. Chérie ni binti wa Fanny, na mtaa wote unamwita Fanny kwa jina la mtoto wake.

Sifa ni tamu, lakini hazishibishi. Fanny akaanza kutaka awe wa kwanza kwa kila jambo. Mjini kulikuwa na ukurasa mwingine wa habari, na kila ulipomtangulia, siku hiyo chakula hakikumshuka vizuri. Vainqueur, mume wake, alimcheka.

"Weye na ule ukurasa mwingine, munakimbizana kwenda wapi?"

Fanny alinuna tu.

Siku moja asubuhi Vainqueur alimpigia simu. Yeye anabeba watu kwa pikipiki, na siku hiyo alikuwa amepeleka mteja Runingu, huko bondeni. Sauti yake ilikuwa chini.

"Mama Chérie, sikiliza muzuri. Kamyo ya kubeba mizigo imeanguka huku barabarani. Basile amekufa."

"Basile gani?"

"Basile ya Mama Bernardine. Minye mwenyewe nimemuona. Nimeita jirani yetu Papa Bisengimana, eko natafuta bajomba yake. Bajomba njo bataleta habari kwa mama. Sasa weye, acha mashine, uende sokoni ukae naye. Shika simu yake. Ongea naye hata mambo ya mvua, mpaka bazee bafike. Umesikia?"

"Nimesikia."

Desturi hiyo tunaijua sote. Mama haambiwi kifo cha mtoto wake akiwa peke yake kati ya wapita njia. Kwanza jirani mwanamke anakwenda kukaa karibu naye. Wanawake wengine wanakuja mmoja mmoja. Sufuria inatolewa motoni, watoto wanapelekwa kwa jirani. Ndipo mjomba anaingia, anaketi, anasema. Mama akianguka, mikono ya kumshika iko tayari. Mkono wa kwanza ulikuwa uwe wa Fanny.

Tena Bernardine hakuwa mtu baki. Yeye anauza ndagala, samaki wadogo wakavu, katika soko la Kavimvira. Siku Fanny alipomzaa Chérie, ni Bernardine aliyemkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji mpaka akasimama.

Fanny aliinuka, akajifunga kitenge. Halafu akaitazama simu. Moyo ukamwambia: ule ukurasa mwingine utaipata habari hii sasa hivi. Andika kwanza, ni kidogo tu, halafu kimbia.

Akaandika. Akachukua picha ya Basile anayecheka, ile ambayo kijana mwenyewe aliiweka siku ya Pasaka. Akaandika jina lake na jina la mama yake, akaweka na mshumaa. Juu kabisa akaandika: "Kavimvira Inasema ni wa kwanza kuwaletea." Akabonyeza. Kisha akakimbia kweli, viatu mkononi.

Alipofika sokoni, Bernardine alikuwa anapima ndagala kwa kikombe. Mbele yake alisimama msichana mmoja, mteja, simu mkononi. Msichana hakuwa na ubaya. Aliona picha, akauliza tu.

"Mama, huyu si ile kijana anakusaidiaka kubeba mifuko? Bameandika amekufa."

Bernardine akaitazama simu. Kusoma kwake ni kwa shida, lakini uso wa mtoto wake hauhitaji shule. Kikombe kikamtoka mkononi. Yeye mwenyewe akaanguka juu ya meza, ndagala zikamwagika chini, kitenge kikafunguka, na watu waliokuwa wanapita wakasimama kutazama. Mmoja alitoa simu akapiga picha.

Fanny alimkimbilia, akamfunika, akamshika mabega.

"Nani amesema?" Bernardine aliuliza. "Nani amesema mutoto yangu amekufa?"

Msichana akasoma kwenye simu. "Kavimvira Inasema."

Bernardine aligeuka polepole. "Mama Chérie. Ulijua?"

Fanny aliinama, akaendelea kumfunga kitenge.

"Ulijua, na ukaandika. Ukaandika mbele ya kuja kwangu?"

Ndani ya kitenge, simu ya Fanny ilikuwa inatetemeka bila kuacha. Ni watu waliokuwa wanatuma mioyo na machozi kwa habari yake. Siku nyingine angefurahi. Siku ile alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na simu yenyewe. Bernardine hakupiga kelele. Aliuondoa tu mkono wa Fanny begani mwake. Wauzaji wenzake wakamwinua, wakampeleka nyumbani.

Fanny akafuta ile habari. Bure. Mtama ulikwisha kumwagwa penye kuku wengi. Watu walikuwa wameisambaza, na ule ukurasa mwingine ulikuwa umeichukua, picha, mshumaa na yote. Dada yake Basile, aliyeolewa Kiringye, aliisoma akiwa shambani peke yake.

Vainqueur aliporudi, alikaa muda bila kuvua koti.

"Nilikutuma ukae na mama," alisema. "Sikukutuma kwa simu."

Ingekuwa afadhali angefoka. Alikula kidogo, akaenda kwenye kilio. Fanny alibaki nyumbani. Aliona haya kwenda, akaona haya kutokwenda. Kuchota maji alipitia njia ya nyuma. Mteja alipobisha, alimtuma Chérie akaseme mama hayupo. Na hiyo nayo, kumtuma mtoto uongo, ikawa haya juu ya haya.

Siku ya pili Papa Bisengimana alikuja. Ni jirani yao. Alifanya kazi miaka mingi katika redio ya jamii hapo Uvira, na baadaye aliandika habari kwenye intaneti, kwenye blogu yake mwenyewe, wakati wengi mtaani walikuwa hawajalisikia neno hilo.

"Mama Chérie, bantu banasema umehama," alisema. "Nikaona nikuje kuuliza mwenyewe, mbele ya kuandika."

Fanny alitaka kucheka, akajikuta analia.

"Papa, lakini iko kweli. Sikudanganya. Basile alikufa kweli."

"Ndiyo, iko kweli. Sasa unambie, kwa redio tulikuwa tunafanya je na habari ya kifo?"

"Mulikuwa munasoma komunike, tangazo ya kifo."

"Nani alileta komunike?"

"Familia."

"Njo hapo. Familia inatuma muntu na karatasi, na jina ya ule anayemutuma. Hata kama tumeona maiti kwa macho yetu, bila ule muntu hatusomi jina. Tunasema kuna ajali, njia imefungwa, basi. Ju ya nini? Ju redio inaingia kila nyumba, na haijui nani eko peke yake ndani."

Fanny alimwona tena Bernardine na kikombe chake. Akainama.

"Na kwa blogu?" aliuliza.

"Ah, blogu ilinifurahisha sana. Kwa redio, habari inapita kwa mikono mingi. Huyu analeta, huyu anachunguza, chef, mukubwa wa redio, anakubali, mwingine anasoma. Mumoja akikosa, mwenzake anamushika. Halafu intaneti ikakuja. Nikaenda kwa nyumba ya intaneti, nikalipa, nikaandika peke yangu. Hakuna chef. Tulisema mambo redio iliogopa kusema. Ile iko kitu kizuri, na ukurasa yako iko kitu kizuri, usiifunge ju ya haya. Lakini zamani mashini zilikuwa polepole. Picha moja inapanda mpaka unamaliza chai. Ule muda ulitusaidia. Unajiuliza: ee, nimeandika vile kweli? Leo simu haikupi hata nafasi ya kumeza mate."

"Sasa nifanye je?"

"Ujue tu: bale bantu bote ya redio, leo ni weye. Weye unaleta, weye unachunguza, weye njo chef. Mbele ya kubonyeza, ujiulize kama chef: nani ameona? Nimeuliza na mwingine? Na kama ni kifo, ao ugonjwa, ao mutoto wa muntu, wenyewe banajua? Banakubali tuseme?"

"Na hii nimeharibu? Nimeshaifuta, papa."

"Kufuta si kutengeneza. Ukifuta na kunyamaza, unaficha. Utaandika kwamba ulikosa, kwa ukurasa uleule, bantu balebale basome. Lakini usianzie kwa simu. Anzia kwa mama."

Fanny akapiga moyo konde. Simu aliiacha nyumbani. Alibeba mfuko wa makaa kichwani, akaenda na mume wake na Papa Bisengimana. Wanawake waliokuwa wameketi kwenye mikeka walinyamaza wote walipomwona. Kutoka mlangoni mpaka alipokaa Bernardine hapakuwa mbali, lakini Fanny aliona kama hafiki.

Papa Bisengimana alisema maneno ya kufungua. Halafu Fanny akapiga magoti.

"Mama Basile, nilitumwa kwako, nikaenda kwa simu kwanza. Nilitaka bantu baseme nimekuwa wa mbele. Sina neno ingine."

Bernardine alikikaza kitenge chake.

"Basile amekufa, ile si weye," alisema. "Hata ungenyamaza, mutoto hangerudi. Lakini nilianguka mbele ya bantu sibajui. Bananipiga picha, kitenge imefunguka. Ile njo weye."

"Ni minye, mama."

Bernardine hakusema amemsamehe. Alitazama pembeni, kisha akasema, "Masahani iko nyuma. Maji pia imeisha."

Fanny akaenda kuosha. Aliosha siku ile, na akarudi kuosha mpaka watu wa kilio wakatawanyika. Wenzake walimwachia sufuria zilizoungua kuliko zote. Alizisugua bila kunung'unika.

Ndipo akaandika. Alimsomea Papa Bisengimana kwanza, kisha akaweka kwenye ukurasa:

"Tulitangaza kifo cha kijana mmoja kabla mama yake hajaambiwa na watu wake. Habari ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa yetu kuitoa. Tumekwenda nyumbani kwao kuomba msamaha. Tunawaomba wote walioisambaza waifute pamoja na picha. Tangu leo hatutaandika jina la marehemu mpaka familia yake itume mtu."

Jina hakuweka, wala picha. Wengine walimtukana. Wengine waliuacha ukurasa wake. Mmoja aliandika kwamba mwandishi anayekiri kosa hana kazi tena. Fanny aliyasoma yote, masikio yakimwaka moto, na hakufuta hata moja.

Mvua kubwa zilipokuja, mto ulifurika, ukabomoa nyumba. Majina ya waliopotea yakaanza kuingia katika simu ya Fanny. Ule ukurasa mwingine uliyatoa yote. Jina moja lilikuwa la mtu mzima kabisa, mwenye afya yake, aliyekuwa amelala kwa shemeji yake. Mke wake alikuwa amekwisha kunyoa nywele kwa msiba. Fanny aliandika njia ipi imekatika, maji safi yako wapi, na watu waliobomolewa wanapokelewa wapi. Kuhusu majina aliandika: "Tunangoja familia." Vidole vilimwasha, tuseme ukweli. Lakini aliviweka kazini kwa namna nyingine. Alipigia simu majirani, akawauliza nani anaweza kwenda kukaa na nani.

Baada ya hapo familia zenyewe zikaanza kuja. Mtu anafika kwenye mashine ya kushona na karatasi yake, anasema, "Nimetumwa." Waliokuwa wameuacha ukurasa wakarudi, na wengine wakaongezeka. Bei ya unga wakiiona kwingine, wanauliza kama Mama Chérie ameiandika. Papa Bisengimana akatania kwamba redio yake imefufuka na sasa inashona suruali.

Asubuhi moja Bernardine alisimama mbele ya mashine hiyo. Tangu kilio alikuwa anamsalimia Fanny kwa mbali tu. Fanny aliinuka, akampa kiti, macho akayaweka chini.

"Siku ya Mungu, jumapili hii, tunasoma misa ya kumaliza kilio ya Basile," Bernardine alisema. "Nataka bantu bajue. Andika."

"Mama, naweza kukuitia Papa Bisengimana, yeye anajua muzuri."

"Nimekuja kwako. Andika vile nasema."

Alisema polepole: jina lote la mtoto wake, kanisa, saa ya misa, nyumba ya kukusanyika. Fanny aliandika, kisha akamsomea. Bernardine alisikiliza amefumba macho.

"Ongeza kwamba alikuwa mutoto yangu ya kwanza."

Fanny akaongeza. Akamsomea tena, mwanzo mpaka mwisho.

"Iko vile," Bernardine alisema.

Fanny akaigeuza simu, akaisogeza mbele yake. "Bonyeza weye, mama. Hapa."

Bernardine alikitazama kidole chake, akakipangusa kwenye kitenge, akabonyeza. Wote wawili wakabaki wanaitazama simu.

"Imeenda?"

"Imeenda."

"Kuna muntu amenitangulia kuisoma?"

"Hakuna, mama," Fanny alisema, na akainua uso akamtazama.