Jumamosi za Chiriku

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifua sare zake, akazianika uani, kisha akapiga deki sebuleni. Jina hilo la utani alipewa na baba yake kwa ajili ya mdomo usiotulia. Siku hizi mdomo ulikuwa umetulia. Tangu baba ahamie chumba cha kupanga, nyumba ilibaki na nafasi kubwa mno, na redio ilizungumza kuliko watu.

Geti likagongwa mara mbili. Kikafuata kikohozi cha baba.

"Usiende," mama alisema, macho kwenye sufuria. "Mjomba wako amekataza."

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa wakili wa kesi za mashamba, na alizishinda. Kesi ya talaka hakuwahi kuishika hata moja, lakini aliichukua ya dada yake bila kuuliza wanaojua. Wakubwa ndivyo walivyo: kuuliza kwao ni aibu, kukosea si kitu.

"Shambani," alikuwa amemwambia mama, "ukimwacha mtu akanyage, kesho anadai ni pake. Asimwone mtoto mpaka hukumu itoke."

Kikohozi kikaondoka polepole barabarani. Chiriku akaendelea kupiga deki mahali palipokwisha takata.

Siku ya kesi, hakimu aliomba kuzungumza na mtoto faraghani. Mjomba akamvuta Chiriku pembeni, mama akiwasikia.

"Jibu ni moja tu, mpwa wangu. Baba hajaja kukuona tangu ahame."

"Lakini huja, Mjomba."

"Umemwona?"

"Nimemsikia."

"Kusikia si kuona. Mama yako unampenda, sivyo?"

Hakimu alikuwa mama wa makamo, amevua viatu chini ya meza. "Karibu, mwanangu. Baba huja kukutembelea?"

Chiriku alitazama vidole vyake. Akisema kweli, atamchongea mama. Akisema uongo, atampoteza baba. Chumbani humo hamkuwa na wa kumuuliza.

"Huja kila Jumamosi," alisema. "Hatumfungulii."

Hakimu akawaita wote. Mjomba alianza kueleza mambo ya mipaka na umiliki.

"Wakili," hakimu alimkatiza, "mtoto si kiwanja. Kwenye talaka hatuulizi mtoto ni wa nani, tunauliza anahitaji nini. Anayemfungia geti mzazi mwenzake bila sababu huharibu kesi yake mwenyewe. Ataishi na mama. Jumamosi ni za baba, na geti lifunguliwe."

Nje, Mjomba alijifanya anatafuta kalamu mifukoni. Mama alimketisha Chiriku kwenye benchi.

"Umenikasirikia, mama?"

"Nimejikasirikia mwenyewe. Mimi na baba yako tumeachana. Wewe hujaachana na mtu. Siku nyingine mtu akikwambia useme uongo kwa sababu unampenda, mkatalie, hata akiwa ni mimi."